Aliyepona Bado Anaonekana Mgonjwa: Somo la Kipimo cha Virusi kutoka Sirari na Kogatende

Wilaya za Tarime na Serengeti zina milango miwili inayotazama nje ya nchi. Mmoja ni Sirari, wilayani Tarime, ambako barabara kuu itokayo Mwanza na Musoma huvuka mpaka na kuingia Isebania, upande wa Kenya. Mwingine ni viwanja vidogo vya ndege vya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kama kile cha Kogatende kilicho karibu na Mto Mara. Mlango wa kwanza hupitiwa na malori ya shehena, wafanya biashara wadogo, na ndugu wa Kikurya ambao mpaka uliwagawa pasipo kuwauliza. Mlango wa pili hupitiwa na watalii wajao kutazama nyumbu wakivuka mto, hasa kati ya Julai na Oktoba.

Kati ya mwaka 2020 na 2022 milango hii miwili, isiyofanana kwa lo lote, ilipata bawabu mmoja: kijiti chenye pamba kinachoingizwa puani. Dereva wa lori hakuruhusiwa kuvuka, wala mtalii kupanda ndege ya kurudi kwao, mpaka ute wa pua yake upelekwe maabara na jibu lirudi kwamba hana virusi vya korona. Tuchunguze hapa jambo moja tu katika habari hiyo ndefu, jambo ambalo liliwatatiza madereva, watalii, maofisa wa afya na hata waganga: mtu aliyeugua korona, akapona kabisa, akarudi kazini, kisha akapimwa wiki 5 baadaye na kuambiwa kwamba virusi bado anavyo. Je, kipimo kilikosea? Je, mtu huyo alikuwa hatari kwa wenzake?

Jibu la swali la kwanza ni hapana. Jibu la swali la pili, kwa watu walio wengi, pia ni hapana. Namna majibu hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja ndilo somo letu.

Yaliyotokea mpakani

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Miezi miwili baadaye, tarehe 16 Mei 2020, Serikali ya Kenya ilitangaza kufunga mipaka yake na Tanzania na Somalia, isipokuwa kwa malori ya mizigo, ambayo madereva wake walitakiwa kupimwa kabla ya kuingia. Foleni za malori zikawa ndefu Namanga, Holili, Horohoro na Sirari. Mkutano wa viongozi wa nchi hizi mbili ulifanyika Namanga mwishoni mwa mwezi huo, na mwafaka ukapatikana kwamba madereva wapimwe kwao na kupewa vyeti vya kusafiria.

Katika siku hizo za ugomvi lilitokea jambo linalofaa kukumbukwa darasani. Madereva waliotangazwa upande mmoja kuwa wana virusi walipimwa tena upande wa pili na kutangazwa kuwa hawana. Watu wakadhani kwamba upande mmoja unasema uongo, na kila mmoja alijua ni upande upi, kutegemea alikozaliwa. Sina haja ya kuamua kesi hiyo hapa. Lakini msomaji akifika katikati ya makala haya ataona kwamba mtu mmoja anaweza kabisa kupata majibu mawili yanayopingana, katika maabara mbili zilizo hodari, pasipo mtu ye yote kudanganya.

Ndani ya hifadhi mambo yalikuwa ya namna nyingine. Nchi nyingi walikotoka watalii zilidai cheti cha kipimo kilichofanywa siku chache tu kabla ya kuruka. Mtalii aliyelipia siku kadhaa za kuishi porini alilazimika kuzikatisha ili aende mjini kupimwa. Kwa hiyo mwaka 2021 vituo vya kuchukulia sampuli vilifunguliwa ndani ya Serengeti yenyewe, kwanza Seronera na baadaye Kogatende, na sampuli zikawa zinasafirishwa kwenda maabara. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba mahali ambapo mtu huenda kuwatazama mamba, alijikuta akingojea kwa hofu habari za kiumbe kisichoonekana hata kwa darubini ya kawaida.

Namna kipimo cha PCR kinavyofanya kazi

Kirusi cha korona ni kifuko kidogo cha mafuta na protini, ambamo ndani yake umo uzi wa RNA wenye herufi kama 30,000. Uzi huo ndio maandishi yanayoelekeza namna ya kutengeneza virusi vingine. Maandishi peke yake hayaambukizi mtu mpaka yawe kamili, yawe ndani ya kifuko kizima, na kifuko kiwe na zile protini za nje zinazokiwezesha kuingia katika seli ya mwili. Tafadhali ukumbuke sentensi hiyo, kwa maana kila kitu kitakachofuata kinaegemea hapo.

Kipimo cha PCR hakitafuti kifuko, wala hakitafuti uzi mzima. Kinatafuta vipande vifupi tu vya maandishi, kila kimoja chenye herufi 100 hivi, vilivyochaguliwa kwa sababu havipatikani katika virusi vingine wala katika mwili wa binadamu. Ni kama mtu anayetafuta kitabu fulani katika jalala kwa kutafuta sentensi moja isiyopatikana katika kitabu kingine cho chote. Akiipata sentensi hiyo katika karatasi iliyochanika, atasema kwa haki kwamba kitabu hicho kilipita hapo. Hawezi kusema kwamba kitabu kizima bado kipo.

Kazi yenyewe huanza kwa kuugeuza uzi wa RNA kuwa DNA. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake, nao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1975. Kisha DNA hiyo huzidishwa. Sampuli hupashwa joto hadi nyuzi 95 za Sentigredi ili nyuzi mbili za DNA ziachane. Hupoozwa hadi kama nyuzi 60 ili vipande vidogo viitwavyo vianzio vijishikize mahali pake. Na kimeng'enya kingine kinajenga uzi mpya juu ya kila uzi wa zamani. Palipokuwa na kimoja sasa pana viwili. Joto linapandishwa tena, na viwili vinakuwa vinne. Njia hii ilibuniwa na Kary Mullis, Mmarekani, mwaka 1983, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993.

Vimeng'enya vingi huharibika katika joto la namna hiyo, kama ute wa yai unavyoganda sufuriani. Kinachotumika katika PCR kilitokana na bakteria waliogunduliwa na Thomas Brock na Hudson Freeze katika chemchemi za maji ya moto za Yellowstone, Marekani, na habari zao zilichapishwa mwaka 1969. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba bakteria wale wangekuja kuwa na faida kwa dereva wa lori wa Sirari. Wilayani Serengeti pia ipo kata iitwayo Majimoto; mwanafunzi wa huko asidhani kwamba utafiti wa viumbe wa chemchemi ni mambo ya ng'ambo tu.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kila mzunguko wa joto huzidisha vipande mara 2. Baada ya mizunguko 10 kipande kimoja kimekuwa 1,024. Baada ya mizunguko 20 ni zaidi ya milioni 1. Baada ya 30, zaidi ya bilioni 1. Baada ya 40, zaidi ya trilioni 1. Katika sampuli hutiwa rangi inayong'aa kadiri vipande vinavyoongezeka, na mashine huandika mzunguko ambao mwanga ulivuka kizingiti na kuonekana.

Tuchukue mfano, na uwe mfano tu: mashine yetu inaona mwanga vipande vinapofika trilioni 1. Mtu wa kwanza, ambaye ugonjwa wake umepamba moto, ana vipande milioni 1 katika sampuli. Vinahitaji kuzidishwa mara milioni 1, basi mwanga utaonekana kwenye mzunguko wa 20. Mtu wa pili, ambaye alipona mwezi uliopita, ana vipande 10 tu. Vinahitaji kuzidishwa mara bilioni 100, na mwanga utaonekana karibu na mzunguko wa 37. Mashine imewaona wote wawili. Lakini wa kwanza ana vipande mara 100,000 kuliko wa pili! Karatasi ya cheti, inayoandika neno moja tu, "anavyo" au "hana", imeitupa habari hiyo yote. Ni sawa na mwalimu anayetangaza nani kafaulu na nani kashindwa na kuzificha alama.

Hapa tunaweza kurudi kwa madereva waliopimwa mara mbili. Mtu mwenye vipande 10 leo anaweza kuwa na 3 kesho, au kijiti kikakosa mahali vilipo. Maabara moja ikipiga mizunguko 40 na nyingine ikaweka kizingiti kwenye 35, majibu yatatofautiana. Hali ya namna hii humtokea zaidi yule anayemalizia kupona kuliko mgonjwa mwenyewe, ambaye virusi vyake ni vingi kiasi kwamba maabara yo yote nzuri itaviona.

Zipo pia sababu nyingine za majibu ya ovyo. Tarehe 3 Mei 2020 Rais wa wakati huo, John Magufuli, alieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zilirudi na jibu kwamba zina virusi. Watanzania wote waliisikia habari hiyo, na Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa kilikataa kwamba vipimo vyenyewe ni vibovu. Kwa mwalimu wa sayansi swali lililo na faida ni hili: maabara hujuaje kwamba haijidanganyi? Kinachozidisha mara trilioni kitazidisha pia tone la uchafu lililorushwa kutoka sampuli ya jirani. Ndiyo sababu katika kila kundi la sampuli sharti iwemo moja ya maji matupu, ambayo haina haki ya kung'aa. Ikiwa maji yameng'aa, majibu ya kundi lote yanatupwa, hata kama malori yanangoja.

Kinyesi cha nyumbu

Mwanafunzi wa Mugumu au Machochwe hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Akipita mbugani mwezi wa Novemba, baada ya nyumbu kuelekea kusini, atakuta nyasi zilizolishwa, nyayo, kinyesi, na kando ya mto mifupa ya wale waliozama. Ishara hizi zote ni za kweli, nyumbu walipita. Lakini mtu akipeleka risasi na mbwa kuwinda kwa sababu ya kinyesi kilichokauka, atalala njaa. Mwindaji huuliza kwanza: kinyesi hiki ni cha lini?

Mwili uliopona ni kama mbuga hiyo. Askari wa kinga wamevua virusi vizima, lakini seli zilizouawa katika koo na pua hazitoki zote siku moja. Zinabanduka taratibu kwa muda wa majuma, na ndani yake vimo vipande vya RNA ambavyo havikuoza. Kijiti cha pamba kinakomba vipande hivyo, na PCR, ambayo hazidishi wala haijui kinyume cha kile ilichotumwa, inavizidisha.

Je, tunajuaje kwamba vipande hivyo ni mifupa na si nyumbu hai? Kwa kujaribu kuotesha virusi. Sampuli hutiwa katika chupa yenye seli hai, na watafiti hungoja siku kadhaa waone kama seli zinakufa. Seli zinazotumika sana huitwa Vero. Zilitolewa katika figo la tumbili wa Afrika na kuanza kukuzwa huko Chiba, Japani, mwaka 1962, na kizazi chake kingali kinaishi chupani hadi leo. Tumbili huyo ni jamaa wa karibu wa wale wanaoiba mahindi katika mashamba yetu. Kazi ya kuotesha virusi vya korona inataka maabara yenye ulinzi mkubwa, na jibu huchukua siku nyingi. Haiwezi kufanywa kibandani pale Sirari huku dereva akinywa chai. Ni kipimo cha watafiti, lakini ndicho kilichotupa ukweli.

Wajerumani wa Munich waliochunguza wagonjwa wao wa mwanzo mwaka 2020 waliweza kuotesha virusi kutoka katika sampuli za juma la kwanza la ugonjwa, lakini baada ya siku ya 8 hawakufaulu tena, ingawa PCR iliendelea kuona RNA kwa wingi. Tafiti nyingi zilipokusanywa na kulinganishwa, ilionekana kwamba RNA hukaa katika njia ya juu ya hewa kwa wastani wa siku 17 hivi, na kwa mtu mmoja ilifika siku 83. Lakini virusi vilivyo hai havikupatikana baada ya siku ya 9. Hao walikuwa watu wenye kinga ya kawaida. Wale ambao kinga yao imedhoofishwa sana, kwa maradhi au kwa dawa, wanaweza kubeba virusi hai kwa muda mrefu zaidi, na hao hawahesabiwi katika kanuni hii.

Ushahidi ulionishawishi mimi zaidi ulitoka Korea ya Kusini. Mwezi Aprili 2020 nchi hiyo ilishtuka kuona watu waliokwisha ruhusiwa kutoka hospitali wakipimwa tena na kuonekana na virusi. Wakuu wa afya hawakubishana. Waliwafuata watu hao mmoja mmoja. Waliwachunguza 285, pamoja na watu 790 waliokutana nao. Hawakumpata hata mmoja ambaye iliwezekana kuthibitishwa kwamba aliambukizwa na hao waliorudia kuonekana na virusi. Wakachukua sampuli za 108 na kujaribu kuziotesha: hakuna hata moja iliyoota. Mwezi Mei nchi hiyo iliacha kuwatenga watu wa namna hiyo. Ndivyo inavyopasa serikali kutumia sayansi, na inafaa kusema hivyo bila kuona haya kwa kuwasifu wengine.

Siku 90

Kutokana na ushahidi huu mamlaka za afya za Marekani ziliweka kanuni. Tangu tarehe 26 Januari 2021 kila abiria wa ndege aendaye nchi hiyo alitakiwa kuonyesha jibu la kipimo kwamba hana virusi, au, kama aliugua, aonyeshe mambo mawili: jibu la kipimo lililothibitisha kwamba aliugua katika muda wa siku 90 zilizopita, na barua ya mganga inayosema kwamba amepona na anafaa kusafiri. Kanuni kama hiyo ilitumika pia katika meli za utalii. Meli hizo zilikuwa na sababu nzuri ya kuogopa, maana mwezi Februari 2020 meli iitwayo Diamond Princess, iliyozuiwa katika bandari ya Yokohama ikiwa na watu 3,711, ilipata wagonjwa 712. Abiria aliyepona karibuni hakupimwa kabla ya kupanda, kwa kuwa kumpima kungeleta fadhaa tu. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zilitoa cheti cha kupona kilichoanza kutumika siku ya 11 baada ya kipimo cha kwanza na kukoma siku ya 180.

Basi mtalii aliyeugua kwao mwezi Juni, akapona, akaja Kogatende mwezi Agosti, angeweza kurudi nyumbani kwa barua. Cheti cha dereva wa lori kilikuwa na kazi nyingine: kilisema kwamba siku fulani, katika maabara fulani, RNA haikuonekana. Mlinganishe dereva wa aina mbili. Wa kwanza alipimwa Jumatatu, akaonekana safi, akaambukizwa Jumanne katika nyumba ya wageni njiani, na Ijumaa akavuka mpaka na cheti chake kizuri, wakati virusi vyake vinaongezeka kwa kasi. Wa pili aliugua mwezi uliopita, amepona, hawezi kumwambukiza mtu, lakini karatasi yake inasema "anavyo", naye analala chini ya lori lake huku shehena ya samaki inaharibika. Karatasi imempitisha mwenye hatari na kumzuia asiye na hatari. Na jambo la tatu likafuata ambalo kila mkazi wa Tarime analijua: palipo na lango kali lisiloaminiwa, watu hupita njia za panya. Katika mpaka wetu, ambao nyumba ya kaka iko huku na shamba la mdogo wake liko kule, njia hizo hazihesabiki, na huko hakuna kijiti wala sabuni.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba kanuni ya siku 90 ni amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Mwezi Agosti 2020 mtu mmoja wa Hong Kong, mwenye umri wa miaka 33, alirejea kutoka Ulaya, akapimwa katika kiwanja cha ndege akiwa mzima kabisa, akaonekana na virusi. Aliwahi kuugua siku 142 kabla ya hapo. Wengi wangesema ni mabaki tu. Lakini watafiti walisoma maandishi yote ya virusi vya mara ya kwanza na vya mara ya pili, wakaona vinatofautiana mno: alikuwa ameambukizwa upya. Huyu ndiye mtu wa kwanza ambaye kuambukizwa mara ya pili kulithibitishwa namna hiyo. Kisha mwezi Novemba 2021 kikaja kirusi cha aina ya Omikroni, chenye uwezo wa kuipita kinga ya ugonjwa wa zamani, na ikawa watu walioambukizwa upya kabla ya siku 90 si nadra tena. Kanuni ilikuwa nzuri kwa kirusi kilichoizaa. Kirusi kilipobadilika nayo ikapungua thamani.

Tena kanuni ya ugonjwa mmoja haihamishwi kwenda kwa mwingine. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka mkoani Kagera, ng'ambo ya Ziwa Viktoria kutoka Mara. Virusi vya Marburg, na vya Ebola ambavyo ni ndugu zake, vinaweza kujificha vikiwa hai katika mwili wa mwanamume aliyepona, hata katika manii, kwa miezi mingi baada ya damu yake kuwa safi. Hapo mabaki yanayoonekana katika PCR hayawezi kupuuzwa kama mifupa.

Kipimo cha haraka

Kipo kipimo kingine kilicho karibu zaidi na swali la afisa wa mpakani. Ni kile kibao kidogo kinachotoa mistari katika muda wa dakika 15 hadi 30. Hiki hakizidishi kitu. Kinatafuta protini inayofunika RNA ndani ya kirusi, na kinaiona ikiwa nyingi tu. Kwa sababu hiyo huwakosa wengine walioambukizwa juzi, na hilo ni kasoro. Lakini kwa mtu aliyepona mwezi uliopita kwa kawaida hakioni cho chote, na hilo ni faida. Tangu tarehe 4 Mei 2021 Tanzania yenyewe ilitumia vyote viwili: wageni walitakiwa kuja na jibu la PCR la muda usiozidi saa 72, na waliotoka katika nchi zenye virusi vya aina mpya walipimwa tena kwa kipimo cha haraka walipofika. Masharti haya yalianza kulegezwa kwa waliochanjwa mwezi Machi 2022. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023.

Kwa darasa

Walimu wa hisabati na wa baiolojia wanaweza kulifundisha jambo hili kwa pamoja, kwa punje za mahindi. Hesabuni punje 1,000 ziwe madereva. Tuseme, kwa kubuni, kwamba 10 kati yao wana virusi hai. Zipakwe rangi nyekundu. Wengine 20 wamepona karibuni na bado wana mabaki. Zipakwe rangi ya buluu. Zilizobaki, 970, ni nyeupe. Kipimo kinawakamata 9 katika wale 10 wekundu, kinawakamata wote wa buluu, na kwa sababu ya uchafu wa hapa na pale kinamkamata pia mweupe mmoja katika kila 100, yaani 10 hivi. Madereva wangapi wataambiwa kwamba wana virusi? 9 na 20 na 10, jumla 39. Wenye hatari kati yao ni 9 tu, chini ya robo. Aliye wa kumi, mwekundu, amekwisha fika Isebania.

Sasa badilisheni hesabu: wekundu wawe 300, wa buluu 20 wale wale, weupe 680. Kipimo ni kile kile. Kitawakamata wekundu 270, buluu 20, weupe 7 hivi. Jumla 297, na zaidi ya 9 katika kila 10 ni wagonjwa wa kweli. Wanafunzi waulizwe ni kitu gani kilichobadilika, ikiwa kipimo hakikubadilika.

Swali la mwisho ni gumu zaidi, nalo linafaa kwa kidato cha tano na cha sita. Wewe ni afisa wa afya Sirari. Mbele yako wamesimama watu wawili wenye jibu la PCR "anavyo", na mashine imeandika mzunguko wa 36 kwa wote wawili. Mmoja ana barua ya hospitali kwamba aliugua siku 40 zilizopita. Mwingine hajawahi kuugua, bali jana alianza kuwashwa koo. Mmoja anashuka mlima, mwingine anaupanda, nao wamekutana kwenye kimo kile kile. Andika ungemwuliza kila mmoja nini, ungempima tena baada ya saa ngapi na kwa kipimo kipi, na ungetazamia mashine iandike mzunguko wa ngapi kwa kila mmoja.